Swali la lugha: Okestra "inacheza" muziki au "inapiga" muziki?

Msomaji ametuandikia hivi: "Nimeangalia Dracula ile ya mwaka 1992 na mziki wake umenikaa kichwani, nataka kuuandikia uchambuzi kwa Kiswahili. Niliandika 'okestra inacheza muziki wa kutisha', rafiki yangu akakataa akasema ni 'inapiga'. Mimi naona kupiga ni kwa ngoma, fidla haipigwi, inasuguliwa na upinde. Nani yuko sahihi? Na naweza kusema fidla zinalia?"

Rafiki yako yuko sahihi, andika inapiga. Kwetu muziki ukichezwa ina maana kuna watu wameinuka, miguu na viuno vinafanya kazi, ndiyo maana tunasema kucheza ngoma, kucheza dansi, kucheza chakacha. Na filamu yenyewe inakupa mfano mzuri tu, kuna ile sehemu Mina, yule mwanamke anayependwa na Dracula, na Dracula mwenyewe wanazunguka wawili peke yao katikati ya mishumaa, pale ndipo unaandika "wanacheza", na wanaowapigia ni okestra. Sasa ukishaipa okestra nayo neno "kucheza" msomaji wako atajuaje nani anazunguka na nani ameshika fidla?

Hilo la fidla kusuguliwa nimelielewa ila kupiga kwa Kiswahili si lazima kitu kigongwe. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti, na hapo hakuna anayemchapa mtu. Ndivyo ilivyo kwa ala zote, unapiga gitaa, unapiga kinanda, unapiga udi. Kule Zanzibar kwenye taarabu, na kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, mwenye upinde anaitwa mpiga fidla na mwenye kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, anaitwa mpiga kanuni ingawa yeye anadonoa nyuzi kwa vidole. Za kupuliza nazo ruksa kuzipiga, mtu anapiga tarumbeta au anapuliza tarumbeta, yote sawa.

Najua "kucheza" kumeenea, kwenye simu kitufe kimeandikwa Cheza, na Kenya utasikia sana mtu anacheza piano au anamwambia DJ amchezee wimbo. Kwenye mazungumzo sitamsumbua mtu. Lakini wewe unaandika kuhusu muziki wenyewe, na tofauti ya anayepiga na anayecheza ni mali ya lugha yetu, kuitupa ni hasara kabisa.

Tuje kwenye kulia, na hapa ndipo swali lako limenifurahisha zaidi. Ndiyo, fidla zinalia, na kwa filamu hii sioni neno linalolizidi hilo. Mtu anapiga, ala inalia, kengele inalia, gitaa linalia, wala si lazima pawe na huzuni, maana yake sauti inatoka. Ila machozi nayo yamo humohumo kwenye neno, na muziki alioutunga Wojciech Kilar, yule Mpolandi, umekaa hapohapo kati ya hofu na mapenzi. Mwongozaji wa filamu, Francis Ford Coppola, alikuwa anatengeneza sinema ya mtu anayenyonya damu na bado anamlilia mke aliyekufa, yaani muziki ulitakiwa utishe na uomboleze kwa pamoja. Kwa hiyo ukiandika "fidla zinalia" kwenye ule muziki wa mapenzi ya Mina, msomaji anasikia sauti na anasikia msiba, umemaliza kazi kwa neno moja.

Kwa zile sauti za chini usitumie kulia, tumia kuvuma. Sikiliza pale wawindaji wanapomfukuza Dracula, chelo na besi, yaani zile fidla kubwa za sauti nzito, zinashika kipande kifupi zinakirudia, zinakirudia tena, kila mara na nguvu zaidi mpaka mwili unasisimka. Hizo zinavuma, kama upepo unavyovuma na kama ngoma, si unajua tunasema ngoma ivumayo haidumu. Kwaya yenyewe inaimba, haipigi wala hailii. Mimi sentensi yako ningeiandika hivi: "Okestra inapiga taratibu, besi zinavuma chini, halafu fidla zinaanza kulia juu yake." Na angalia upatanisho, fidla inalia, fidla zinalia, lakini wenye kuzipiga ni watu, kwa hiyo wapiga fidla wanapiga.

Kitu kimoja hukuuliza ila kitakusumbua, neno okestra lenyewe. Kwa wasomaji wengi wa Tanzania okestra ni bendi ya dansi, ni Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, ni Orchestra Makassy, magitaa na saksafoni na watu wamejaa ukumbini. Ukianza tu na "okestra inapiga muziki wa kutisha" kuna mtu atajiuliza Sikinde wameingiaje kwa Dracula. Si kosa, neno limeshakuwa na maisha yake huku kwetu, wewe mara ya kwanza andika "okestra kubwa ya fidla, ala za kupuliza na kwaya, iliyoongozwa na Anton Coppola", ambaye ni ami yake huyo mwongozaji wa filamu, ukishasema hivyo kuanzia hapo okestra peke yake inatosha.