Barua kwa mwanangu: baada ya kuvua joho

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Barua yako niliisoma kwa utulivu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali uliloniuliza si la kujibiwa mbiombio. Umenieleza kwamba dada aliyesimamia maombi katika Umoja wa Wakristo wa chuo chenu kabla yenu sasa anaishi Nakuru na hana kanisa analokwenda. Kwamba kaka aliyekufundisha kuongoza kikundi cha kusoma Biblia amekwambia waziwazi kuwa haamini tena. Na kwamba wewe, uliyekabidhiwa vikundi hivyo mwaka huu hapo Maseno, unajiuliza kesha, misheni na mafunzo haya yote yana faida gani ikiwa yanakoma siku mtu anapovua joho la mahafali.

Faida ipo, mwanangu, na mimi ni mmoja wa waliofaidika, kwa maana nilimjua Kristo vizuri zaidi nikiwa Njoro, katika Chuo Kikuu cha Egerton, kuliko nilivyomjua katika miaka yote niliyopelekwa kanisani nikiwa mtoto. Lakini ushirika wa wanafunzi ni wa msimu. Hapo chuoni kila kitu kimewekwa karibu na mkono wako: wenzako ni wa rika lako, ukumbi wa ibada uko hatua chache kutoka bwenini, mtu anakugongea mlango alfajiri mwende maombi, na hata asiyejua kuhubiri hupewa la kufanya, awe kwaya, awe kwenye mitambo ya sauti, awe mlangoni akikaribisha wageni. Kisha mitihani inakwisha, na ndani ya wiki moja kijana huyo yuko katika chumba cha kukodi Nyamasaria au Manyatta, hajui jina la jirani yake, na Jumapili hakuna anayemgongea mlango. Wengi wa hao tunaosema wamepoa hawakushindwa katika hoja yoyote, walikosa mahali.

Na kuna jambo jingine ambalo wahubiri wetu hawaligusi sana, nalo ni aibu. Katika mfano wa mpanzi, Bwana Yesu alipozieleza mbegu zilizoanguka penye miiba, alitaja kwanza mahangaiko ya maisha, ndipo akataja udanganyifu wa mali. Sisi huwaonya vijana kuhusu mali ambayo hata hawajaipata, tukaruka yale mahangaiko ambayo yamewakaba tayari. Mfikirie kijana aliyesomeshwa kwa michango ya kijiji, akasindikizwa chuoni kwa sala, na sasa ana shahada, ana deni la mkopo wa masomo, na anazunguka na bahasha ya vyeti katika ofisi za Kisumu bila kuitwa popote. Akiingia kanisani kwao, swali la kwanza analoulizwa mlangoni ni kama amepata kazi. Likija suala la mchango wa paa, jina lake linasomwa pamoja na ya wasomi wengine, na kiasi anachotarajiwa kutoa kimeshapangwa. Jumapili ya pili anachelewa makusudi ili asikutane na watu mlangoni, ya tatu anakaa karibu na mlango ili atoke kabla ya matangazo, na baada ya hapo humwoni tena. Huyo usimwite aliyerudi nyuma. Amekimbia kuaibishwa, na sisi wazee ndio tunaopaswa kuacha kumwaibisha.

Ukitaka kuona jinsi kanisa la kwanza lilivyomtunza kijana msomi, soma tena Matendo ya Mitume sura ya 18, kuanzia mstari wa 24. Apolo alikuwa mzaliwa wa Aleksandria, mtu wa ufasaha, hodari katika Maandiko, mwenye moto rohoni; ukimtazama vizuri utaona anafanana sana na wasemaji wenu wa Ijumaa usiku. Pamoja na hayo yote, mafundisho yake yalikuwa na pengo. Prisila na Akila, mke na mume waliokuwa wakishona mahema kwa riziki yao, hawakumkosoa mbele ya sinagogi wala hawakumpigia makofi wakamwacha aende zake. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Msomi aliketishwa nyumbani kwa mafundi, na sioni mahali ambapo Luka anaona ajabu katika hilo.

Kisha tazama mstari wa 27, ambao ndio hasa ninaotaka uushike. Apolo alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso walimtia moyo na wakawaandikia wanafunzi wa huko wampokee. Barua ilitangulia au ilikwenda naye, lakini hakuondoka kama mtu asiyekuwa na wenyewe. Sasa niambie: chuo chenu kinapowaaga wa mwaka wa nne, mnawafanyia ibada ya kuwaaga, mnawaombea, mnawapa Biblia au kitambaa, mnapiga picha. Ni nani anayewaandikia ndugu wa Nakuru, wa Bungoma au wa Eldoret kwamba fulani anakuja, mpokeeni? Yule dada wa maombi alipopanda gari kwenda Nakuru, ni kanisa gani huko lililojua kwamba anafika? Ninauliza kwa sababu naamini jibu la swali lako, kwa sehemu kubwa, liko hapo.

Bibi yako aliokoka katika uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kufika huku kwetu. Nilipokuwa mdogo alinichukua kwenye ushirika wao wa katikati ya wiki, na ninachokumbuka zaidi ni mchanganyiko wa watu waliokuwamo: mwalimu mkuu wa shule, mwanamke aliyeuza omena sokoni, vijana wawili wa sekondari, na mzee asiyejua kusoma ambaye aliombwa kuomba mara nyingi kuliko mwalimu mkuu. Mtu alisema hadharani lililomlemea wiki hiyo, likaombewa, na hakuna aliyeangalia umri wala cheo chake. Bibi alishikamana na imani mpaka uzeeni, na nina hakika kwamba ushirika ule, uliomjua kwa jina na kwa udhaifu wake, ulikuwa sehemu ya sababu.

Sisemi kwamba kazi ya vyuoni iachwe ili watu warudi makanisani tu. Vyama hivi vya wanafunzi vina historia ndefu. Kile cha Cambridge, Uingereza, kilianza mwaka 1877, na hapa Kenya FOCUS, ushirika wa vyama vya Kikristo vya wanafunzi, imekuwa ikiviunganisha vya vyuo vyetu tangu 1973. Hakuna kanisa la mtaa linaloweza kuingia bwenini saa nne usiku mwanafunzi anapolia kwa kuachwa au kwa kufeli. Wewe unaweza, na umefanya hivyo. Ninachosema ni kwamba kazi yenu haijakamilika mpaka mtu huyo awe mikononi mwa watu watakaomlea baada yenu. Mwanafunzi anayeabudu ukumbini tu kwa miaka minne, bila kuketi hata Jumapili moja kwa mwezi na watoto, wajane na wazee, anahitimu bila kujua kanisa linaishi vipi.

Sasa nije kwa huyu kaka anayesema haamini tena. Umeniandikia kwamba alianza kunyamaza baada ya kumzika mama yake, na kwamba ndani ya kikundi mtu mmoja alimwambia kuwa mgonjwa angepona kama imani yao isingepungua. Neno hilo si la kweli, mwanangu, na ninakuomba ulikanushe kila utakapolisikia. Paulo, ambaye Mungu aliponya watu wengi kwa mikono yake, alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, naye anasema hivyo bila kujitetea katika waraka wake wa pili kwa Timotheo. Na Timotheo mwenyewe alishauriwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyompata mara kwa mara. Hakuna aliyewaambia kwamba imani yao ni haba. Aliyefiwa akilishwa uongo kwa jina la Mungu, kisha akaukataa uongo huo, usiharakishe kusema amemkataa Mungu.

Usimwendee na vitabu vya kutetea imani, angalau si sasa. Mtembelee ukiwa na mwenzako mmoja, mpeleke soda na mkate, mwulize habari za mama yake, alikuwa mtu wa namna gani, naye aseme mpaka amalize. Akiuliza kwa nini Mungu hakumponya, mwambie hujui, kwa sababu hujui. Baba wa yule mtoto mwenye pepo, katika Marko sura ya 9, alimwambia Yesu, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na Yesu hakumrudisha kwanza akaongeze imani, alimponya mtoto. Katika vikundi vyenu lazima mtu aweze kusema sentensi kama hiyo bila kuondolewa kwenye orodha ya watumishi na bila jina lake kupelekwa kwenye maombi ya usiku kama habari ya umbea.

Nimezungumza na mchungaji wetu hapa Kondele, Kisumu, na akina mama wa kikundi chetu cha Jumatano, ambao tunasoma Injili ya Marko pale nyumbani. Wamekubali kuwapokea wahitimu watakaohamia Kisumu, kila mmoja akabidhiwe familia moja, na tumeafikiana kwamba kwa mwaka wa kwanza hakuna atakayeulizwa habari za kazi wala mchango isipokuwa ayataje mwenyewe. Kuna mama mmoja kati yetu ambaye macho yamefifia, na amesema anataka apewe anayejua kusoma kwa sauti, naye atampikia. Kwa walio njia ya Nakuru, nina wenzangu wa tangu Njoro katika makanisa mawili, nitawaandikia.

Kwa hiyo, kabla ya mitihani kuanza, kaa na kamati yako mwandike majina ya wa mwaka wa nne wote, mahali kila mmoja anapotarajia kwenda, na nambari yake ya simu kwa ridhaa yake, kisha unitumie ya wanaokuja huku. Jina la yule dada aliye Nakuru liwe la kwanza kwenye orodha, hata kama alihitimu zamani. Na kaka yako huyo, akikubali, mlete Jumatano yoyote aje ale nasi. Hatamkuta mtu wa kumhubiria.

Baba yako anakusalimu, na mdogo wako anauliza utakuja lini.

Ni mimi, mamako.