Wahusika wako wote wanafanana? Tatizo liko machoni

Mkuu, umesema unabadilisha nywele, nguo, hata rangi, lakini wahusika wako wa katuni bado wanaonekana wamezaliwa tumbo moja. Nimezikagua picha zako tano. Watu watano, jicho moja: duara, mboni katikati, na wanawake umewaongezea vinyweleo vya kope.

Ugonjwa huo nimeuugua. Nilipoanza kuchorea jarida la watoto, mhariri alifunika michoro yangu kwa karatasi mbili, juu na chini, akabakiza macho tu. "Babu yupi hapa, na mjukuu yupi?" Nikakosa jibu, na mimi ndiye niliyewachora!

Kilichonisaidia ni Kiswahili chenyewe. Kabla ya kushika penseli najiuliza huyu mtu macho yake hufanya nini akiwa hana la kufanya. Anarembua? Amekodoa? Anapepesa? Ametumbua kama mjusi aliyebanwa na mlango? Nikishapata kitenzi, umbo linakuja lenyewe. Anayerembua, kope za juu zinashuka mpaka kwenye mboni. Aliyekodoa, weupe unaizunguka mboni pande zote. Halafu hiyo ndiyo hali yake ya kila siku. Hasira na furaha zinajengwa juu yake.

Mtazame Garfield, yule paka wa Jim Davis aliyeanza kutoka magazetini mwaka 1978. Kope zake nzito zimelala nusu ya jicho, na hapo hajasema neno, umeshajua ni mvivu na anakudharau. Mpandishe kope hizo, unabaki na paka mnene wa rangi ya chungwa.

Mickey Mouse naye ana somo zuri. Miaka yake ya mwanzo, baada ya 1928, macho yake yalikuwa vidoa vyeusi tii. Kwenye mabango mara nyingi vilimegwa pembe, kama chapati iliyotolewa kipande. Yanapendeza, ila kidoa cheusi hakioneshi vizuri mtu anatazama wapi, hivyo kichwa ndicho kinachofanya kazi ya kugeuka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mchoraji Fred Moore akampa weupe na mboni, akaweza kutupa jicho pembeni shingo ikiwa imetulia.

Lakini usikimbilie macho makubwa. Tintin, yule kijana wa vibonzo vya Mbelgiji Hergé, ana macho ya nukta mbili tu na nyusi fupi, na humkosei hata kwenye picha ndogo kama kucha. (Mimi nukta zilinishinda. Kila niliyemchora alionekana amepigwa na butwaa.)

Nafasi kati ya macho nayo usiidharau. Yaliyoachana huleta utoto au ubwege. Yaliyobanana puani huleta ujanja.

Anza na yule mama wa dukani, picha ya tatu. Umesema ni mbea, kwa hiyo mboni zake haziwezi kukaa katikati. Zisukume pembeni, kwa jirani. Nywele ziache zilivyo, kisha uturushie hapa tumwone.