Jibu: Kuwaonyesha wanafunzi jinsi maji ya chini ya ardhi yanavyochafuka

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje ili wanafunzi waelewe uchafuzi wa maji wasiyoyaona. Anza na picha waliyo nayo kichwani: wengi hudhani chini kuna mto au ziwa. Hilo lisiporekebishwa mapema, mengine hayashiki. Maji hayo kwa kawaida hukaa katika nafasi ndogo kati ya chembe za mchanga na kokoto, na kwenye nyufa za miamba.

Chukua chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, weka kokoto, kisha mchanga. Upande mmoja chomeka mrija uliofungwa kitambaa chepesi mdomoni, uunganishe na bomba la sindano. Hicho ndicho kisima. Mimina maji hadi nusu. Upande wa pili dondosha rangi ya chakula, nyunyiza maji kama mvua, halafu wavute maji kisimani polepole. Rangi itashuka, kisha itaelekea kwenye mrija. Hapo nyamaza, waeleze wao kwa nini.

Baadaye wape kazi ya kusafisha: wamwage maji safi na kuvuta, tena na tena. Watachoka kabla rangi haijaisha, na kwangu hilo ndilo somo lenyewe.

Ila wasiondoke wakidhani uchafu lazima uonekane. Mchanga huweza kuchuja vijidudu vingi, lakini naitreti, kemikali yenye naitrojeni itokayo kwenye mbolea na vyoo, hupita ikiwa imeyeyuka, haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kuwalinda watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa yanayokorogwa kwa maji.