Vipimo vya moyo ni safi, mbona naogopa kupanda matatu?

SWALI: Daktari, mimi ni mhasibu, naishi Githurai na kufanya kazi katikati ya jiji. Mapema mwaka huu, matatu ikiwa imekwama kwenye msongamano pale Pangani, moyo ulianza kunienda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haitoshi, nikaamini kwamba nakufa. Nilipimwa moyo na damu, nikaambiwa sina ugonjwa wowote. Tangu hapo hali hiyo imenirudia mara kadhaa, na sasa sipandi matatu nisipopata kiti cha karibu na mlango; siku nyingine hukodi bodaboda kwa pesa nisizo nazo. Mume wangu anasema nina mawazo mengi, mama anasema tuombe. Mwenzangu kazini ameniambia nimwone mwanasaikolojia, lakini sielewi vipi mazungumzo yatatuliza moyo unaodunda. – Mama Wawili, Githurai

JIBU: Mama Wawili, ulifanya vyema kuanzia hospitalini, kwa sababu upungufu wa damu, hitilafu za mapigo ya moyo, hata tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, vyote huweza kuleta dalili kama hizo. Lakini jibu la kwamba huna ugonjwa lilikuacha nusu ya safari. Ulichoeleza kinafanana sana na mshtuko wa hofu, na mshtuko huo unapojirudia, kisha mtu akaanza kupanga maisha yake ili kuukwepa, huo ni ugonjwa unaotambuliwa na unaotibika. Mtaalamu ndiye atakayeuthibitisha akikuona ana kwa ana. Wala huko peke yako: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi ya aina mbalimbali.

Mwili wako siku ile haukuharibika. Ubongo ulidhani kuna hatari, ukaagiza adrenalini imwagwe kwenye damu, na moyo ukaongeza kasi ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Ukaanza kuhema haraka kuliko mwili ulivyohitaji, na kuhema huko hupunguza kaboni dioksaidi katika damu, jambo linalosababisha kizunguzungu na ganzi ya vidole. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza, David Clark, alieleza kinachofuata: mtu huzisoma dalili hizo kuwa ni kifo kinachokuja, tafsiri hiyo inazidisha hofu, hofu inazidisha dalili, na mzunguko unajilisha wenyewe. Kwa kawaida mshtuko hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha huanza kushuka hata usipofanya lolote.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lako, nami naomba ulitafakari. Kila unaposhuka kabla ya wakati, au unapochukua bodaboda, hofu hutulia papo hapo, na ubongo hujifunza kwamba ulinusurika kwa sababu ulikimbia. Haupati nafasi ya kugundua kwamba ungebaki kitini, yangepita. Kiti cha mlangoni kinafanya kazi hiyo hiyo kwa siri, na wengi wa wanaonijia wana vingine vya jinsi hiyo: chupa ya maji isiyotoka mkononi, simu iliyo tayari kumpigia mtu, kidole kinachohesabu mapigo ya mshipa. Vinaonekana kuwa busara, kumbe ndivyo vinavyoulinda ugonjwa usiguswe.

Kwa hiyo tiba ya kisaikolojia inayofaa hapa, iitwayo tiba ya fikra na tabia, si kupewa mawaidha, wala si kuambiwa upunguze mawazo (mumeo anisamehe). Katika vikao vya mwanzo mtaalamu atachora pamoja nawe mzunguko huo jinsi unavyokutokea wewe. Kisha mnaujaribu. Anaweza kukuomba uheme haraka kwa dakika moja, au upande na kushuka ngazi, ili moyo udunde mbele yake na uone kwamba dalili zile zile zinakuja na kuondoka. Baadaye mnakwenda barabarani kwa hatua: Githurai hadi Roysambu saa nne asubuhi, kisha hadi Allsops, kisha Pangani saa ya msongamano, mwishowe kiti cha nyuma dirishani. Kabla ya kila safari unaandika unachotabiri, na baada yake unaandika kilichotokea. Kazi hii huchosha, na mara nyingi wasiwasi hupanda kwanza kabla ya kupungua, ndiyo maana wengine huacha mapema. Mpango wa kawaida huwa wa vikao kumi na viwili au zaidi kidogo, kimoja kwa juma.

Kuhusu pa kwenda, hospitali ya Mathari, unayoipita kwenye barabara hiyo ya Thika, huhudumia pia wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina idara ya afya ya akili. Ukichagua mtaalamu binafsi, muulize kama amesajiliwa chini ya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kama ana mafunzo ya tiba ya fikra na tabia. Asiyetaka kukujibu, muache. Mama naye aendelee kuomba, hakuna ugomvi hapo.

SWALI: Wasiwasi wangu ni wa kila siku, juu ya kazi, karo na afya, na sasa ni miezi minane. Nimekuwa nikimeza vidonge vya kutuliza ninavyonunua duka la dawa mtaani. Naweza kuviacha nianze tiba ya mazungumzo? – Baba wa Umoja

JIBU: Ndugu yangu, usiviache ghafla. Baadhi ya vidonge vya kutuliza humzoesha mtumiaji, na ukivikata mara moja unaweza kupata degedege. Vipeleke kwa daktari pamoja na karatasi au kopo lake, naye atakupangia kuvipunguza polepole. Tiba ya mazungumzo inaweza kuanza wakati huo huo. Wasiwasi wa mambo mengi, unaodumu karibu kila siku kwa miezi sita au zaidi, nao una tiba yake, na pale dawa inapohitajika zipo zisizo na uraibu, ambazo huchukua majuma kadhaa kabla hujaona nafuu.