Kabla hujamchinja jogoo: kwa wanaoanza kutotolesha

1. Siku ya 7 kwenye mashine ya kutotolea mmemulika mayai kwa tochi, nusu ya trei inang'aa bila mshipa hata mmoja, na hukumu inatoka palepale: "Jogoo hana mbegu." Jioni yuko sufuriani. Jamani, vunjeni yai kwanza! Doa dogo jeupe lililokaza juu ya kiini: halikurutubishwa. Utando wa rangi ya krimu uliotanda, au pete ya damu: lilirutubishwa, kiinitete (kifaranga kinachoanza kuumbika) kikafa. Hapo jogoo hana kesi.

Kesi ni ya kabati lako la kuhifadhia mayai. Kiini hurutubishwa kama robo saa tu baada ya kutoka kwenye ovari, kabla hakijavikwa ute wala ganda. Linalofuata ni safari ya saa 24 hadi 26 ndani ya mtetea, kwenye joto la kama nyuzi 41, na njiani seli inagawanyika: mbili, nne, nane. Yai likitagwa, lile doa lina makumi ya maelfu ya seli. Kwa hiyo unachookota bandani kimeshaanza kukua, na sasa kinahitaji kulala. Chini ya nyuzi 20 hivi, kinalala. Kwenye nyuzi 37.5 za mashine kinakua. Nyuzi 29 za chumba cha Dar, tena karibu na jiko, si usingizi wala si kuamka: seli zinagawanyika polepole na ovyo, zinachoka, zinakufa. Siku 10 za kukusanya mayai kwa mtindo huo, halafu mnalaumu mashine, kisha jogoo. Wenye kuhifadhi vibaya hawalaumiwi kamwe.

Ukimshuku jogoo kweli, vunja mayai mabichi machache ya siku hiyohiyo. Doa lenye umbo la bangili limerutubishwa.

2. Hifadhi kwenye nyuzi 15 hadi 18, ncha nyembamba chini, zisizidi siku 7. Friji ya nyumbani ya nyuzi 4 ni baridi mno.

3. Yakitoka kwenye ubaridi, yaache chumbani saa kadhaa kabla ya kuyapanga. Yai likitoka jasho, bakteria hupenya vitundu vya ganda.

4. Geuza hadi siku ya 18, kiinitete kisigande. Mara 3 au 5 kwa siku, si 4, ili usiku mrefu usiliangukie upande uleule kila siku.

5. Ndiyo, moyo huanza kupiga kabla siku ya pili haijaisha. Hapana, hutauona kwa kufungua mlango wa mashine kila saa. Funga, joto linatoka.