Mnaokuja Busara, majibu yenu haya

Mwaka mpya ukiingia tu, simu yangu haipumui. Wanauliza wa bara, wanauliza wa Mombasa. Hata shangazi yangu wa Wete, ambaye tangu tamasha la muziki la Sauti za Busara lianze hapa Unguja mwaka 2004 hajakanyaga Ngome Kongwe linakofanyika, anataka kujua watu wanafanya nini humo mpaka usiku wa manane. Nimekusanya maswali yanayojirudia. Shangazi nitamjibu nyumbani.

Shikamoo. Ni mwanafunzi, niko Morogoro. Tamasha ni la siku kadhaa lakini mfuko wangu ni wa usiku mmoja. Nichukue upi?

Marahaba mwanangu. Chukua Ijumaa. Kila mtu atakwambia Jumamosi, na ndiyo sababu Jumamosi utatazama migongo ya watu. Ijumaa unasogea mpaka mbele bila kukanyagwa. Ukiweza kuwahi gwaride la ufunguzi, lile linalopita mitaani na ngoma, beni na matarumbeta, wahi: halina tiketi. Na miaka mingine huwekwa jukwaa la bure hapo nje, bustani ya Forodhani, kwa hiyo uliza kabla hujalala njaa kwa ajili ya tiketi ya pili.

Kaka, natoka Dar Ijumaa baada ya kazi na boti ya mwisho. Chumba nitatafuta nikishafika. Kuna tatizo?

Yapo mawili. Boti ya mwisho ya Ijumaa hiyo kila mtu ameiwaza kama wewe, na ikikuacha umelala Dar. Safari yenyewe ni kama saa mbili, lakini Februari kaskazi bado inavuma, bahari inaweza kuchafuka, hivyo usile ubwabwa wa nazi ukaenda kukaa mbele ya boti. Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi uliloliweka chini ya mabegi ya watu.

La pili ni chumba. Mji Mkongwe ni mdogo na wikiendi ile hujaa. Mwaka mmoja nilimwekea rafiki yangu chumba katika gesti moja kwa maneno tu, bila kulipa. Tulipofika tukakuta kimeshapewa mtu aliyekuja na pesa mkononi, rafiki yangu akalala barazani kwangu na mbu. Lipa kitu, upate risiti. Bei ikikushinda, vuka uje Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe: Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, au Kikwajuni. Kwa miguu hadi Ngomeni si mbali, na asubuhi utapata chapati na maharage kwa bei ya wenyeji.

Niingie saa ngapi? Ninayemtaka yuko wa mwisho, na hao wa mwanzo simjui hata mmoja.

Hapa, ndugu yangu wa Kigamboni, ndipo tutakapogombana.

Wengi wetu tumezoea matamasha ya uwanjani. Msanii anakuja na flashi yake, fundi anabonyeza, wimbo unapiga pamoja na sauti yake mwenyewe ya studio, yeye anaruka na kupiga kelele "mikono juu". Dakika ishirini kaondoka. Busara haina pleibeki. Kinachosikika kinapigwa pale pale, na mpiga gita akikosea utamsikia. Ndiyo maana kati ya bendi na bendi kuna kungoja: ngoma zinahamishwa, nyaya zinachomolewa na kuchomekwa, maikrofoni inajaribiwa moja moja. Watu huzomea wakidhani ni uzembe. Mimi napenda kuutazama muda huo, ni sawa na kumwona mpishi akikata vitunguu.

Sasa hao usiowajua. Mwaka mmoja nilikwenda kwa ajili ya jina moja kubwa, nikakaa tangu jioni kwa kuwa sikuwa na kwa kwenda. Wakapanda watu wa Réunion wakipiga maloya, muziki wa mashamba ya miwa ya kisiwa kile. Mmoja alishika kitu bapa cha matete kilichojaa mbegu, akakitikisa huku na huku. Jirani yangu, mama wa Kigiriama kutoka Malindi, akanishika bega: "Si kayamba hii!" Ndiyo hiyo hiyo, na kule nako huiita kayamb. Yule mwenye jina kubwa alipopanda, mimi na mama yule tulikuwa bado tunabishana nani, wao au sisi, alimpelekea mwenzake kayamba. Wimbo mmoja wa yule mkubwa siukumbuki.

Kuhusu pa kusimama: usijibanze kwenye spika. Tafuta meza ya fundi mitambo, usimame karibu nayo, kwa sababu yeye hupanga sauti kwa masikio yake akiwa pale. Ukijibana ukutani utasikia mwangwi. Ngome ile ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kufukuzwa, na kuta zake zilifikiria mizinga, hazikufikiria gita la besi. Na nunua vizibo vya masikio duka la dawa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango cha kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100. Hata kwa hizo, usiku mzima ni mwingi, na mvumo ule unaoamka nao masikioni asubuhi si raha ya muziki iliyobaki.

Tunatoka Tanga, mimi na mume wangu, wapenzi wa taarab. Mwimbaji akinikuna naruhusiwa kwenda kumtunza pesa kama harusini?

Nenda dada, tena nenda kwa mwendo. Unguja ndiyo ina vikundi vya taarab kama Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanza mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958. Waliokuzwa na muziki huo hawatakushangaa. Watakaokushangaa ni wageni walio na kamera, na hao waache.

Ila jukwaa la tamasha si la harusi. Liko juu, lina walinzi, na usipande. Simama ukingoni, inua noti, mwimbaji atainama. Chagua ubeti. Unajua mwenyewe kwamba pesa yako inasema "hili nimelisema mimi", kwa hiyo ukimtunza kwenye beti la mwizi wa mume huku umemkazia macho mwanamke fulani, Tanga itajua kabla boti haijatia nanga. Na uwahi, kwa sababu bendi hupewa kama saa moja tu, na taarab ya asili haina haraka: kanuni, ile ala ya nyuzi, ijitambulishe, fidla zijibu, ndipo mwimbaji ainuke. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiwa na umri ambao hakuna aliyeujua kwa hakika, alilipanda jukwaa hili uzeeni na watu wakapishana kwenda kumtunza.

Mchana usilale hotelini. Kuna chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambako vijana wanafundishwa udi, kanuni na ngoma. Ulizia.

Kwa nini mimi Mtanzania nalipa kidogo na rafiki yangu wa Uholanzi analipa mara kadhaa? Si ubaguzi huo?

Si ubaguzi, ni hesabu. Bei ya Mholanzi wangelipa wa Mwembeladu, Ngome ingejaa watalii watupu. Na pesa haziwatoshi: mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha. Mwambie rafiki yako anachangia.

Naja kutoka Nairobi, ni msichana. Nivae nini?

Ndani ya Ngome, utakavyo. Njiani kuna misikiti na wazee kwenye baraza, kwa hiyo beba kanga begani ufunike mabega na magoti. Jioni upepo wa baharini ukianza utaishukuru.

Mtoto wa miaka sita nije naye?

Njoo naye jioni na umrudishe mapema. Akae mbali na spika na umvishe vile vifuniko vikubwa vya masikio. Akilala begani kwako bendi ya pili, usimlazimishe ya tatu.

Tunapanga ya 2027 sasa hivi. Tukate tiketi za boti?

Subirini tarehe rasmi. Mwezi mtukufu unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuingia karibu na Februari 8. Wenye tamasha wanalijua hilo kuliko ninyi.

Muziki ukiisha tunakula wapi?

Msisubiri uishe. Forodhani iko mbele ya mlango wa Ngome. Ukibakisha tumbo mpaka usiku mkuu utakuta mishkaki imekauka kwenye makaa na pweza amekuwa mpira. Kula urojo jioni, ukiwa bado wa moto, na uombe bajia zisilowe. Juisi ya miwa wakukamulie mbele yako, na ndimu na tangawizi. Na uwe na chenji, kwa sababu saa saba usiku noti ya elfu kumi haipati mtu wa kuivunja.