Kiharusi: picha ya pili ya ubongo inasema nini?

*Baba alianguka saa mbili asubuhi hapa Ipagala, saa nne tukawa hospitali. CT-Scan ikaandikwa "ubongo wa kawaida". Mbona mkono wa kulia ulikuwa umelegea kabisa? – Msomaji, Dodoma mjini*

CT-Scan ya kwanza haipigwi ili kuthibitisha kiharusi. Inapigwa kutafuta damu iliyovuja. Damu mbichi huonekana nyeupe papo hapo, lakini sehemu ya ubongo iliyokosa damu kwa sababu mshipa umeziba huchukua saa kadhaa kabla haijawa nyeusi kwenye picha. Mgonjwa aliyelegea upande mmoja huku picha yake ikiwa safi huenda ndiye bado anawahi dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ambayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Saa hizo zinahesabiwa kuanzia mara ya mwisho mgonjwa kuonekana mzima. Aliyeamka tayari amelegea anahesabiwa tangu alipolala, isipokuwa kama kuna MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku. Kipo kipimo chake kiitwacho DWI kinachong'aa mapema sana, na kingine, FLAIR, kinachochelewa. Cha kwanza kikionyesha doa na cha pili bado, kiharusi huenda hakijapita saa 4 na nusu.

*Mama alipewa dawa ya kuyeyusha damu, jioni akaanza kuinua mguu. Kesho yake wakamrudisha kwenye mashine. Si kutulipisha mara mbili huko? – Msomaji, Mpwapwa*

Hapana. Picha ya saa 24 ni sehemu ya matibabu yenyewe. Alteplase, dawa hiyo ya kuyeyusha bonge, hutolewa miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 90: asilimia 10 inasukumwa kwa dakika moja, iliyobaki inapita kwa dripu ya saa nzima. Dawa inayoyeyusha bonge inaweza pia kufungua njia ya damu kuvuja mahali ambapo kuta za mishipa zimekwisha kudhoofika. Katika utafiti wa Marekani wa 1995 uliofungua njia ya dawa hii, wagonjwa wapatao 6 kati ya 100 walivuja damu kiasi cha kuzidiwa. Ndiyo maana aspirini, ambayo nayo hupunguza damu kuganda, haianzi mpaka picha hiyo isomwe.

Anayesoma hutofautisha mambo mawili. Vidoa vyeupe vilivyotawanyika ndani ya sehemu iliyokufa mara nyingi havibadilishi hali ya mgonjwa. Bonge jeupe lililojaza zaidi ya asilimia 30 ya sehemu hiyo na kuusukuma ubongo pembeni ni habari nyingine kabisa. Na kama kabla ya saa 24 mgonjwa analalamika kichwa kinauma sana, anatapika, anasinzia au presha inaruka, hakuna kusubiri: dripu ya dawa kama bado inapita inasimamishwa, picha inapigwa saa hiyo hiyo. Katika siku hiyo ya kwanza presha inatakiwa isizidi 180/105.

*Siku ya tatu CT-Scan ilionyesha doa kubwa jeusi. Wiki ya tatu tukapiga tena, doa halipo. Ndugu wakasema amepona, mazoezi tukaacha. Bado hatembei. – Msomaji, Manyoni*

Hili linapoteza watu wengi, wakiwemo wahudumu wa afya. Kati ya siku ya 3 na ya 5 ubongo ulioumia huvimba zaidi, na doa huonekana wazi. Kufikia wiki ya pili na ya tatu uvimbe umeshuka, seli za kusafisha uchafu zimeingia, na vishipa vidogo vipya vimeanza kuota. Mchanganyiko huo una rangi ile ile ya ubongo mzima, kwa hiyo doa linajificha, mithili ya mlima nyuma ya ukungu. Baadaye hurudi likiwa jeusi zaidi, kwa kuwa sehemu iliyokufa imebaki shimo lenye maji. Picha ya wiki ya tatu peke yake, bila ile ya siku ya tatu pembeni, haifai kupimia matibabu. Rudisheni mazoezi leo.

*Baba mkwe alivuja damu kichwani. Ripoti ya kwanza bonge sentimita 4, ya pili 5. Daktari akashtuka. Sentimita moja tu? – Msomaji, Kibaigwa*

Bonge lina urefu, upana na kina. Ujazo wake hukadiriwa kwa kuzidisha vipimo hivyo vitatu, kisha kugawa kwa 2. Tuseme la kwanza lilikuwa 4 × 3 × 3, hiyo ni mililita 18. La pili likiwa 5 × 4 × 3, ni mililita 30. Limeongezeka kwa theluthi mbili. Ongezeko la theluthi moja, au la mililita 6, linatosha kuhesabiwa kuwa damu bado inavuja, na hapo udhibiti wa presha unakazwa. Daktari alishtuka kwa haki.

*Nina chuma mguuni tangu ajali ya bodaboda. Naweza kuingia MRI? – Msomaji, Chang'ombe*

Mara nyingi inawezekana, ila sema kabla, na ukiweza peleka karatasi ya upasuaji. Kinachotisha zaidi ni betri ya moyo, klipu ya zamani kwenye mshipa wa ubongo, au kipande cha chuma jichoni kwa aliyewahi kuchomelea. Bangili na hirizi vivuliwe vyote, hata vya shaba: shaba haivutwi na sumaku, lakini inaweza kupata joto.

*Turudie picha kila miezi mitatu kuona kama mazoezi yanasaidia? – Msomaji, Kondoa*

Msitupe hela. Kovu halifutiki, na ukubwa wake hautabiri vizuri mtu atafanya nini: doa dogo likikaa kwenye njia nyembamba ambapo nyuzi zote za mkono na mguu zimebanana, linalegeza upande mzima. Siku ya 90 tangu kiharusi, mgonjwa hupimwa kwa mizani ya 0 hadi 6, kuanzia asiye na dalili yoyote hadi aliyefariki: anatembea mwenyewe? anajivalisha? Picha irudiwe kukiwa na dalili mpya, degedege, au akianguka na kujigonga kichwa, hasa akiwa kwenye aspirini, maana damu inaweza kukusanyika taratibu chini ya fuvu kwa wiki kadhaa.

*Filamu zetu za CT-Scan zimekuwa nyeusi! – Msomaji, Kongwa*

Huenda ziliachwa kwenye gari juani. Filamu nyingi za siku hizi huchapwa kwa joto, na joto la ndani ya gari lililofungwa, kwa jua letu hili, linaendelea kuzichapa. Ombeni CD.